Buibui wa Kujijia

Orodha ya buibui niliyoitafsiri kutoka Kifaransa ilirudi mikononi mwangu ikiwa imekwisha kuchapwa, na neno langu halimo. Kila nilipoandika "buibui wa kujijia", kamati iliyopewa kazi ya kusanifisha imeweka "buibui wa kienyeji". Nimehesabu: mara thelathini na moja. Sikuulizwa, wala sikuandikiwa sababu. Nilinyamaza miezi minne nikidhani masahihisho yatakuja. Hayakuja, na vijitabu vimekwisha kugawiwa kwa walimu kutoka Butembo hadi Oicha. Neno likishaandikwa ubaoni mbele ya watoto, kulifuta ni kazi ya miaka.

Msomaji analijua jambo lenyewe. Anayeorodhesha buibui wa nchi hana budi kuwatenga waliofika bila mkono wa mtu na walioingia pamoja na mizigo yetu. Ugomvi wangu ni juu ya jina la hao wa kwanza.

Tuanze na hilo la kamati. Mwenyeji ni mwenye mji: tamka maneno hayo mawili upesi na utasikia jinsi yalivyoungana. Kutoka hapo tukapata kienyeji, yaani kwa desturi ya wenye mji. Ki- hiyo ni ile ya kitoto, kizungu, kikwetu. Inataja namna ya kutenda, haitaji njia ya kufika. Ndiyo maana neno linamkaa vizuri kuku anayejitafutia punje uani. Lakini kuku wa kienyeji asili yake ni Asia, aliletwa Afrika na watu! Kwa kipimo cha orodha yetu, yeye ni wa kuletwa moja kwa moja. Kamati imechagua neno ambalo mfano wake unaojulikana kuliko yote unalikanusha.

Kuna na jambo zito zaidi. Kifaransa cha orodha kilisema indigène. Wazee wa Beni na Butembo wanalikumbuka neno hilo katika sheria za Mbelgiji, lilipokuwa cheo cha chini alichopewa Mkongomani katika nchi yake mwenyewe hadi 1960. Kukibeba kivuli chake hadi ndani ya Kiswahili, kwa kutumia neno ambalo watu hulisikia kama "la kishamba", ni uvivu ambao siwezi kuusamehe.

Wengine wanasema: basi tumia "buibui wenyeji". Kasoro ya neno hilo niliiona nyumbani. Mwezi uliopita nilibandua kiota cha udongo ambacho nyigu alikuwa amekijenga chini ya paa la jikoni kwetu, huku Bulengera. Kilikuwa na vyumba vitano. Katika kimoja nilikuta buibui kumi na mmoja wamepangwa kama vitambaa vilivyokunjwa: wa kijani, wa kahawia, mmoja mwenye tumbo la manjano. Hawakuwa wamekufa. Nilipomgusa mmoja kwa njiti, mguu ulitikisika kidogo ukatulia; nyigu alikuwa amewachoma wapooze. Juu ya tumbo la yule wa manjano alikuwa amejilaza buu mweupe, anamnyonya. Sasa, vitabu vyetu vya biolojia vinamwita mnyama anayeliwa namna hiyo "mwenyeji" wa anayemla. Nikiandika "buibui huyu ni mwenyeji", mwanafunzi aelewe nini? Ni mwenyeji wa Kongo, au wa buu? Istilahi moja haiwezi kufanya kazi mbili katika somo moja.

"Asilia" nayo ina watetezi, hasa mhariri mmoja anayeipachika kila mahali. Asili ni Kiarabu, na huko maana yake ya kwanza ni shina na mzizi wa mti. Buibui wa milima ya Lubero mzizi wa ukoo wake huenda uko mbali sana na hapa. Orodha haidai kwamba ukoo ulianzia kwetu, inadai tu kwamba hakuna aliyeubeba.

Wanaonishauri "wazawa" nawaheshimu zaidi, maana neno ni la Kibantu tupu: zaa, zawa, mzawa. Lakini buibui aliyevuka Kasindi ndani ya kontena akataga mayai nyuma ya rafu za duka, watoto wake nao wamezawa Butembo. Tena katika Kivu ya Kaskazini swali la nani mzawa na nani mgeni limezika watu. Sitaki mtoto alikute tena katika somo la wadudu na wanyama wadogo.

Kujijia halibebi mzigo huo. Kitenzi ni kuja, katika kauli ya kutendea: kujia, kikajirudia: kujijia. Ndugu zake tunao kinywani kila siku: kujiendea, kujikalia, kujiotea. Muhogo uliojiotea hakuna aliyeupanda, na buibui aliyejijia hakuna aliyemleta. Nimeambiwa kwamba ji mbili zinagongana. Mbona hazigongani katika kujijua, kujijibu, kujijengea?

Na buibui hujijia kweli. Asubuhi baada ya mvua, tazama ncha ya jani la nyasi kilimani. Buibui mdogo kama punje ya ulezi anasimama kwa ncha za miguu, anainua tumbo, anaachia nyuzi zisizoonekana mpaka jua liziguse. Upepo unavuta, naye hayupo tena. Krakatau ya Indonesia ilipolipuka mwaka 1883 ilibaki majivu. Mei 1884 Mfaransa Edmond Cotteau alifika, na kiumbe hai pekee aliyemwona alikuwa buibui mmoja mdogo, anasuka utando. Huyo utamwita wa kienyeji, au mzawa, wa kisiwa kilichokufa mwaka uliotangulia? Alijijia.

Neno hili lina faida nyingine: linafuata mahali. Nephilingis cruentata, anayesuka kwenye kuta za nyumba nyingi za Afrika, kwetu ni wa kujijia. Brazili, alikofikishwa na watu, ni wa kuletwa. Mnyama ni yule yule. Orodha za buibui zimekuwa zikitungwa tangu Mswidi Carl Clerck alipochapa buibui wa nchi yake mwaka 1757, na za kwetu zilianzia mbali: Herbert Lang na James Chapin walikusanya kaskazini-mashariki mwa Kongo kati ya 1909 na 1915, na Roger de Lessert wa Geneva akaeleza buibui wao kwa Kifaransa katika sehemu zilizotoka 1927 hadi 1930. Katalogi ya dunia inayotunzwa Bern ilipita spishi 50,000 mwaka 2022. Katika hesabu hiyo yote, Kiswahili hakijaulizwa kitu, na mara ya kwanza kilipoulizwa hapa kwetu kamati ikajibu kwa jina la kuku.

Matumizi ni mepesi: wa kujijia, wa kuletwa, na kwa asiyepatikana nchi nyingine yoyote, wa hapa tu.

Nakala kumi na mbili nilizopewa nimezisahihisha kwa kalamu ya wino mweusi, mahali pote thelathini na moja, na nimezipeleka shuleni mwenyewe. Kamati ikiwa na hoja, naomba iiandike.