Alaimenti ya magurudumu

Alaimenti ya magurudumu (pia: ulinganishaji wa magurudumu) ni hali ya magurudumu ya gari kukaa katika pembe zilizopangwa na mtengenezaji wake. Kazi ya kupima na kurekebisha pembe hizo nayo huitwa kwa jina hilohilo. Pembe zikipotoka, matairi hulika mapema na kwa upande mmoja, gari huvuta kushoto au kulia, na usukani hukaa mshazari hata gari linapokwenda moja kwa moja.

Dalili hizo, hata hivyo, hazitokani na alaimenti peke yake. Upepo pungufu, tairi lenye kasoro, breki inayoshika au kiungo kilicholegea vinaweza kuleta dalili zinazofanana nazo. Kwa sababu hiyo utambuzi mzuri hufuata utaratibu: kwanza matairi na upepo wake, pili viungo vya usukani na vya sasipensheni, na mwisho pembe zenyewe. Kurekebisha pembe za gari lenye viungo vilivyolegea ni kazi bure, kwani pembe hubadilika tena mara gari linapoanza kutembea.

Pembe tatu kuu

Tou ni mwelekeo wa magurudumu mawili ya ekseli moja yakitazamwa kutoka juu. Sehemu za mbele za magurudumu zikikaribiana kuliko za nyuma, ni tou ya ndani. Zikiachana, ni tou ya nje. Hii ndiyo pembe inayoharibika kwa urahisi zaidi na inayokula matairi haraka zaidi.

Kemba ni mwinamo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele ya gari. Gurudumu likiinamia nje kwa juu, kemba ni chanya. Likiinamia ndani kwa juu, kemba ni hasi.

Kasta huonekana gari likitazamwa kutoka ubavuni. Ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia juu yake. Katika magari ya siku hizi mhimili huo kwa kawaida umeinama kuelekea nyuma kwa juu. Kasta husaidia usukani kurudi wenyewe katikati baada ya kona, na hulifanya gari litulie kwenye mwendo. Kwa kawaida haili tairi.

Kosa dogo la tou lina madhara makubwa. Chukua tairi lenye kipenyo cha mm 600 ambalo ukingo wake wa mbele umepotoka mm 2 kulinganisha na ule wa nyuma. Kwa kila mm 600 linazosonga mbele, tairi hilo huburutwa mm 2 kwenda pembeni, yaani takriban m 3.3 kwa kila kilomita. Katika safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, ambayo ni kama km 480, tairi hilo litakuwa limesuguliwa pembeni umbali wa takriban km 1.6. Ndiyo sababu tairi jipya linaweza kuisha upande mmoja ilhali upande wa pili bado ni mzima.

Kusoma ulikaji wa tairi

Uso wa tairi huhifadhi kumbukumbu ya jinsi gari lilivyotembea. Fundi mwenye uzoefu huusoma kabla ya kufungua nati yoyote.

- Kulika katikati: upepo ulizidi kwa muda mrefu.
- Kulika kingo zote mbili: upepo ulikuwa pungufu, au gari lilibebeshwa mzigo kupita kiasi.
- Kulika ukingo wa ndani tu: kemba hasi iliyozidi, au tou ya nje.
- Kulika ukingo wa nje tu: kemba chanya iliyozidi, au tou ya ndani. Gari linalokata kona kwa kasi pia hula ukingo wa nje.
- Menomeno kama ya msumeno: tou imepotoka. Hupimwa kwa kupitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani na kisha kutoka ndani kwenda nje. Mkono ukiteleza ukielekea ndani, lakini ukakwaruzwa ukielekea nje, dalili ni ya tou ya ndani. Ikiwa kinyume, ni tou ya nje. Nyaya zikiwa zimetokeza kwenye tairi, kipimo hiki kisifanywe, kwani zitakata mkono.
- Mabondemabonde kuzunguka tairi: shokapu zimechoka, beringi imelegea, au gurudumu halina balansi.
- Doa moja lililosagika: gurudumu lilikwama kwa breki kali na kuburutwa.
- Uvimbe ubavuni mwa tairi: nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi baada ya kugonga shimo au ukingo wa barabara. Tairi la namna hii halitengenezeki na huondolewa mara moja.

Ulikaji wa ukingo wa ndani ndio wenye hatari iliyofichika zaidi. Mtu akisimama kando ya gari huona upande wa nje pekee. Tairi linaweza kuonekana zuri huku upande wa ndani umeshafika kwenye nyaya. Kwa magurudumu ya mbele, usukani hukatwa hadi mwisho ili uso wote wa tairi uonekane. Kwa yale ya nyuma, ni lazima mtu ainame na kuchungulia au kupapasa kwa uangalifu. Ukaguzi huu huchukua dakika chache tu, na unaweza kuzuia tairi kupasuka gari likiwa kwenye mwendo kasi na abiria ndani.

Tabia ya gari barabarani

Gari linalovuta upande mmoja hukaguliwa upepo kwanza, kwani huvuta kuelekea upande wenye tairi lenye upepo mdogo. Upepo ukiwa sawa, matairi mawili ya mbele hubadilishanwa, la kushoto likaenda kulia, mradi si ya aina yenye mshale wa mwelekeo. Mvuto ukigeuka upande au ukitoweka, kosa liko kwenye tairi. Usipobadilika, breki huangaliwa. Breki inayoshika hulifanya gurudumu moja liwe la moto kuliko mwenzake baada ya safari fupi. Joto hilo husikika kwa kusogeza mkono karibu na rimu bila kuigusa diski. Hayo yote yakiwa sawa ndipo kemba na kasta hushukiwa: gari huvuta kuelekea upande wenye kemba chanya zaidi au kasta ndogo zaidi.

Barabara yenyewe pia hudanganya. Barabara nyingi zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda, ambako magari hupita kushoto, gari zima linaweza kuelea kidogo upande wa kushoto. Nchini Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako hupita kulia, huelea kulia. Kwa hiyo majaribio hufanywa kwenye sehemu tambarare.

Usukani ulio mshazari huku gari likienda moja kwa moja ni dalili ya tou isiyogawanywa sawa, au ya magurudumu ya nyuma kusukuma upande mmoja. Katika hali hii ya pili gari hutembea kimshazari kama kaa. Tou ya mbele peke yake kwa kawaida haivuti gari, kwa sababu magurudumu mawili hugawana kosa. Hula matairi kimyakimya.

Usukani wenye mchezo, yaani unaozunguka kidogo bila magurudumu kuitika, huelekeza kwenye tairodi endi au reki ya usukani. Mgongo wa "kok, kok" kwenye barabara mbaya huelekeza kwenye bolijointi, bushi au vishikizo vya shokapu. Usukani mzito hutokana na upepo pungufu au kasoro katika mfumo unaosaidia usukani. Usukani usiorudi katikati hutokana na kasta ndogo au bolijointi iliyokauka.

Tofauti kati ya alaimenti na balansi

Watu wengi huchanganya kazi hizi mbili. Balansi ni kusawazisha uzito wa tairi na rimu kwa kubandika vipande vidogo vya chuma, ili gurudumu lizunguke bila kutikisika. Usukani unaotetemeka kuanzia mwendo wa karibu km 80 kwa saa, kisha ukatulia mwendo ukipungua, kwa kawaida ni tatizo la balansi au rimu iliyopinda. Kulipia alaimenti hakutaondoa mtetemo huo. Usukani unaotetemeka wakati wa kushika breki tu huelekeza kwenye diski zilizoharibika.

Utaratibu wa ukaguzi

1. Dereva huulizwa tatizo lilianza lini: baada ya kugonga shimo, kubadilisha matairi au kutengeneza kitu fulani?
2. Upepo hupimwa matairi yakiwa baridi na kulinganishwa na kibandiko cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi huwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.
3. Matairi yote manne hukaguliwa ukubwa, aina, umri na ulikaji. Tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.
4. Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamezuiwa. Mtu haingii kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.
5. Gurudumu la mbele hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, beringi au bolijointi hushukiwa. Msaidizi hukanyaga breki: mchezo ukitoweka, ni beringi, ukibaki, ni bolijointi.
6. Gurudumu hushikwa kushoto na kulia na kutikiswa. Mchezo hapa kwa kawaida ni wa tairodi endi au reki.
7. Sehemu zilizochakaa hubadilishwa kwanza. Baada ya hapo pembe hupimwa.

Kupima na kurekebisha

Mashine za kisasa hupima magurudumu yote manne kwa kamera au miale ya mwanga. Mafundi wasio na mashine hupima tou kwa uzi unaonyoshwa sambamba na ubavu wa gari. Njia hii ikifanywa kwa makini mahali tambarare huweza kutoa matokeo mazuri kwa tou, lakini haipimi kasta.

Panapowezekana kurekebisha pembe zote, kasta na kemba hutangulia na tou humalizia, kwa sababu kubadilisha zile mbili hubadilisha tou pia. Usukani hufungwa ukiwa umenyooka katikati. Katika magari mengi madogo yenye mguu wa MacPherson mbele, kiwanda kimeweka nafasi ya kurekebisha tou tu. Kemba ya gari la namna hiyo ikipotoka, maana yake ni kwamba kuna kitu kilichopinda, kilichochakaa au kilichohama, na hicho ndicho cha kutafutwa.

Mteja ana haki ya kuonyeshwa vipimo vya kabla na baada ya kazi pamoja na vile vya mtengenezaji. Tairi lililokwisha kulika upande halitarudi kuwa sawa baada ya alaimenti, na linaweza kuendelea kuvuma. Ishara ya kwamba kazi imefanyika vizuri ni gari kwenda moja kwa moja usukani ukiwa umenyooka, na matairi kuendelea kulika sawasawa katika kilomita elfu chache zinazofuata.