Pangani na Koo Zisizo na Nisba

Mto unaotoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru hupita Korogwe, ukaenda mwendo wa kilomita zipatazo 500 mpaka kuingia baharini chini ya kilima cha Bweni. Mkabala wa Bweni, ng'ambo ya kaskazini, ndiko uliko mji wa Pangani. Leo ni makao makuu ya wilaya, mji mdogo wa wavuvi, wenye minazi na wafanyabiashara wa rejareja. Miaka mia na hamsini iliyopita ulijulikana kuanzia Umasaini hadi masoko ya Uarabuni.

Habari za mji huu huzoea kusimuliwa kwa jina la mtu mmoja, Abushiri bin Salim al-Harthi. Ni haki akumbukwe. Lakini Pangani ilikuwa na koo nyingi kabla yake, na nyingi kati ya hizo hazikuwa na nisba ya kujivunia kama hiyo ya al-Harthi. Hizo ndizo zilizoujenga mji, na hizo ndizo zilizoanza vita dhidi ya Wajerumani ambavyo yeye alikuja kuviongoza.

Waliohesabiwa wenyeji kwanza ni koo zilizojiita Washirazi. Kwao ndiko kulikotoka majumbe, yaani wakuu wa mji. Ujumbe haukuwa wa kurithi tu. Mtu aliutafuta kwa mali yake. Aliyeutaka alilisha mji, akachinja ng'ombe, akatoa ada kwa majumbe waliomtangulia, na hapo ndipo alipovishwa kilemba na kupigiwa ngoma. Mwenye mali asiyelisha watu hakuwa mtu. Kwa hiyo hata Mzigua au Mbondei aliyeshuka pwani na kufanikiwa aliweza, kwa muda na kwa karamu, kujipatia nafasi mjini. Ninaona huu ndio ufunguo wa kuielewa Pangani: heshima iligombewa hadharani, na kila aliyeingia aliidai.

Sayyid Said, Sultani wa Omani, alipouweka utawala wake Unguja katika karne ya 19, akaja liwali wa kumwakilisha, wakaja Waarabu wa Omani na mitaji yao, wakaja pia wafanyabiashara wa Kihindi waliokopesha wote wawili, Mwarabu na jumbe. Waomani walipanda miwa kwenye ardhi yenye rutuba kando ya mto. Miwa ilikamuliwa vinuni, maji yake yakachemshwa, na sukari ikapakiwa majahazini. Kazi yote ilifanywa na watumwa, na ilikuwa kazi ya kuua: muwa ukishakatwa hauvumilii kungoja, na moto wa kuchemshia nao haungoji.

Wakati wa mavuno mtumwa hakuwa na saa yake mwenyewe, wala kibanda wala kijishamba cha kumfanya ajione mtu wa mji. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi. Walikimbia wakajijengea makazi yao Makorora, na mabwana zao walishindwa kuwarudisha. Habari hii ingestahili kuwa mlangoni mwa kila shule ya wilaya hiyo. Watu waliokuwa wakiuzwa na kununuliwa walianzisha mji wao na kuulinda.

Upande wa pili wa uchumi ulikuwa misafara. Kutoka Pangani watu walipanda hadi Arusha, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu. Safari hizo zilihitaji ujuzi ambao hakuna mgeni aliyekuwa nao. Wamasai hawakupokea shanga ovyo ovyo. Walitaka rangi fulani, zimetungwa kwa urefu fulani, na msafara uliofika bila kuzitunga vizuri ulikwama. Wapagazi wakakaa kitako kambini siku nyingi wakitunga shanga uzi baada ya uzi, kabla ya kuingia nchi ya watu.

Mkubwa wa kazi hiyo alikuwa Jumbe Kimemeta wa Pangani. Joseph Thomson, Mskoti aliyevuka Umasaini mwaka 1883, alisafiri naye. Miaka minne baadaye Samuel Teleki wa Hungaria aliondoa msafara wake hapo hapo Pangani, na Kimemeta akawa naye. Machi 1888 msafara ule ukafika kwenye ziwa ambalo leo linaitwa Turkana. Vitabu vya Ulaya viliandika kwamba Teleki amelivumbua ziwa. Wapagazi wa pwani waliobeba mizigo mpaka pale hawakuandikwa hata majina, nasi hatuna udhuru wa kuendelea na dhuluma hiyo.

Mwaka huo huo mambo yakaharibika. Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Wajerumani, na Agosti akaja Emil von Zelewski kutwaa madaraka. Alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, akamdhalilisha liwali, na wakati wa Idi kubwa askari wa manowari waliingia msikitini. Mji ulichemka. Waliosimama mbele hawakuwa matajiri. Wengi wa matajiri walitaka mapatano, maana walikuwa na mali ya kupoteza. Waliosimama walikuwa majumbe walioona ada zao zinafutwa, wapagazi, na watu wa bara waliomiminika mjini. Wajerumani wakazingirwa nyumbani mwao, mpaka Lloyd Mathews, jenerali wa Sultani, alipowaondoa.

Hapo ndipo Abushiri, mwenye shamba la miwa na mgomvi wa siku nyingi wa Busaidi, ukoo wa Sultani, alipoushika uongozi. Wasafiri wa Ulaya Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakitoka Usambara, walitekwa wakakombolewa kwa rupia 10,000. Mwaka uliofuata Meyer alirudi akafika kileleni Kilimanjaro. Kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, aliitwaa Pangani Julai 1889, na tarehe 15 Desemba Abushiri akanyongwa papo hapo mjini. Zelewski naye hakukaa sana: Agosti 1891 aliuawa Lugalo na jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Mji haukuanguka kwa mizinga. Ulianguka kwa reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikapanda Mombo, kisha Moshi, na mizigo yote iliyokuwa ikishuka Pangani ikapata njia nyingine.

Lakini mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalitoka mashamba makubwa ya Tanganyika, na mashamba yakadai watu. Wakaja manamba: Wanyamwezi, Waha, Wamakonde na wengine, kwa mikataba, kwa namba badala ya majina. Utumwa ulikuwa bado halali; Waingereza waliufuta kisheria mwaka 1922, ndipo watoto wa watumwa wa miwa na manamba wa mkonge walipokutana kwenye ardhi ile ile wakiwa wote huru mbele ya sheria. Wengi wa manamba hawakurudi kwao. Walioa, wakapanda minazi na mihogo, wakazika wazee wao huku. Bei ya mkonge ilipoporomoka baada ya nyuzi za plastiki kuingia sokoni, walibaki na vishamba vyao. Anayetaka kuandika orodha ya koo za Pangani na akaishia kwa Washirazi na Waharthi ameacha sehemu kubwa ya mji nje.