Neno la leo: Tasa

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru. Namba hiyo ni shufwa. Tarakimu zake ukizijumlisha unapata 15, kwa hiyo yagawanyika kwa 3; na kwa 7 pia. Igawe kwa 2, kwa 3, kisha kwa 7, unabaki na 51,481. Hapo kisu kimegonga mfupa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Vitabu vya hisabati vya Tanzania huiita namba tasa, kama ng'ombe asiyezaa. Nalipenda neno hili, ingawa naona linaionea namba: izidishe kwa 42, inazaa kaunti nzima. Mwanafunzi wa Njoro au Gilgil, anayefundishwa hisabati kwa Kiingereza, halisikii darasani. Natamani alisikie.