Likizo ya theluji kutoka Dodoma: mwezi wa kusafiri na mambo ya kupanga

Mkazi wa Majengo jijini Dodoma anayetaka kuteleza kwenye theluji halazimiki kwenda Ulaya. Anaweza kwenda kwenye milima ya Maluti nchini Lesotho, au kwenye jumba la theluji mjini Dubai. Kosa kubwa ni kukata tiketi ya Lesotho kwa ajili ya Desemba.

Kwa nini si Kilimanjaro?

Mwaka 1912, Walter Furtwängler na Siegfried König waliteleza kwa mbao za theluji kwenye mlima huo. Tangu hapo zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake imepotea, na hakuna kituo cha mchezo huo.

Lesotho: Juni hadi Agosti

Kituo cha Afriski kiko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari; Dodoma iko kwenye mita 1,100 hivi. Lesotho iko mbali kusini mwa ikweta, hivyo baridi yake huja wakati wa kipupwe chetu. Theluji ya angani ikipungua, mashine hutengeneza nyingine, ila nazo zinahitaji hewa ya baridi kali. Desemba huko ni majira ya joto, na utakuta majani tu. Likizo ya shule ya katikati ya mwaka ndiyo inayofaa.

Safari ni treni ya SGR hadi Dar es Salaam, ndege hadi Johannesburg, kisha barabara kwa muda wa saa tano hivi. Utaingia Afrika Kusini mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo hakikisha masharti ya viza yanaruhusu hivyo. Ukikodi gari, omba barua ya kuruhusu livuke mpaka. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Randi inatumika Lesotho sawa na loti.

Dubai: mwezi wowote

Ski Dubai ilifunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates. Njia yake ndefu ni mita 400, na ubaridi hukaa chini ya sifuri mwaka mzima. Huhitaji kuvizia msimu, lakini viza inahitajika, na malipo ni kwa saa au siku.

Kabla ya kulipa

Piga hesabu ya vitu vyote: nauli, malazi, kiingilio, kukodi mbao na viatu, na mwalimu. Anayeanza asiruke somo la kwanza, maana wengi huumia goti au kiganja kwa kutojua kusimama.

Soma bima ya safari yako. Nyingi haziwalipi walioumia kwenye theluji mpaka uongeze kipengele hicho.

Koti zito na glovu waweza kuzipata kwenye mitumba. Epuka suruali ya jinzi na nguo za pamba, kwani zikilowa hazikaushi haraka na baridi hupenya. Beba miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi, kwa sababu theluji huakisi mwanga.

Mwisho, uliza kituo kama njia za wanaoanza zimefunguliwa na kama fedha hurudishwa theluji ikikosekana. Pata majibu kwa maandishi kabla ya kutuma pesa.