Maadili

Mtaala wa 2023 umeleta shuleni somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Wanafunzi wengi wakisikia "maadili" hufikiria sketi ndefu na nywele fupi tu. Wamepunjwa. Mzizi wa neno hili ni wa Kiarabu, nao unabeba haki na usawa. Ndiko alikotoka mwadilifu, na Adili, mhusika wa Shaaban Robert, pia.

Hapa Kagongwa, penye mashine za kukoboa mpunga, mtoto wa mkulima huijua lumbesa kabla hajalisikia neno falsafa. Mwalimu, anzia hapo: gunia limejazwa kupita kipimo, bei ni ile ile. Nani kaonewa? Kwa nini ni kosa, hata kama muuzaji amekubali? Waache wabishane mpaka kengele ilie.