Muuguzi wa Tunda: Mkono wa Daktari au Kichwa cha Kituo?

Mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat) ulipoingia katika vyuo vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka wa masomo 2021-2022, ile ngazi ya miaka mitatu iliyompa muuguzi cheo cha A1 ilianza kuaga. Chini yake imebaki A2, diploma ya ngazi ya sekondari inayotolewa na Taasisi za Ufundi wa Tiba, zile ITM. Diploma hiyo ndiyo inayobeba vituo vya afya vya vijijini, na mustakabali wake unaanza kuulizwa. Kwa nje swali hili ni la vyeo na mishahara, lakini ndani yake mna swali la zamani: muuguzi anafundishwa ili awe nani? Tunda, katika eneo la Kibombo mkoani Maniema, ni mahali pa kulipimia swali hilo. Misheni ya Wamethodisti, ambayo Askofu Walter Lambuth aliianzisha Wembo Nyama mwaka 1914, ilifika hadi huku na kuacha hospitali. Zoni ya afya ya Tunda ni pana, barabara zake ni mbovu, na mgonjwa akitoka kijijini wa kwanza kumpokea ni muuguzi. Mara nyingi hapokewi na mwingine baada yake.

Ukoloni wa Wabelgiji ulijibu swali hilo kwa ngazi. Chini alikuwako muuguzi msaidizi, juu yake muuguzi, na juu kabisa msaidizi wa daktari. Udaktari wenyewe ulibaki wa Mzungu. Matokeo yalionekana mwaka 1960: nchi ilijitawala bila daktari hata mmoja Mkongo, na Shirika la Afya Duniani likawapeleka wasaidizi wa madaktari Ufaransa wakamalizie masomo. Hata hivyo, kazi yenyewe haikuwahi kuzitii ngazi hizo. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu misheni ya Yakusu karibu na Kisangani, anaonyesha jinsi Daktari Clement Chesterman alivyowafunza vijana wa kiume katika miaka ya 1920 na kuwatawanya katika zahanati za porini kupambana na malale. Kwenye karatasi walikuwa wasaidizi. Kijijini walichoma sindano, waliandika madaftari na kukata shauri, daktari akiwa mbali.

Jambo lililofanyika Yakusu bila kukiri, Kasongo ililitamka waziwazi. Mradi wa Kasongo ulianza humuhumu Maniema mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukisaidiwa na Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp, na ulimkabidhi muuguzi kituo kizima: matibabu, chanjo, kliniki ya wajawazito na mazungumzo na wanakijiji. Hakuachwa peke yake. Alipewa miongozo iliyoandikwa hatua kwa hatua, inayomwambia aulize nini, apime nini, atibu lini na ampeleke mgonjwa hospitali lini. Katikati ya miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni za afya 306, ambazo leo ni 519, na wazo hilo la Kasongo lilikuwa ndani ya mgawanyo huo.

Kasongo ilizua pia ugomvi mkubwa. Mwaka 1979, mwaka mmoja tu baada ya mkutano wa Alma-Ata kutangaza afya ya msingi kwa wote, Wamarekani Julia Walsh na Kenneth Warren walishauri nchi maskini zichague magonjwa machache na kuyapiga kwa njia rahisi kama chanjo. Mwaka 1981 kikosi cha Kasongo kilichapisha katika jarida la Lancet matokeo kuhusu watoto wa miezi 7 hadi 35: waliochanjwa surua walinusurika zaidi mwanzoni, lakini tofauti ilipungua kadiri walivyokua. Kikosi kiliuliza kama mtoto aliyeokolewa kutoka kwa surua hafi baadaye kwa ugonjwa mwingine. Mtafiti Peter Aaby wa Denmark alipinga kwa ushahidi wa Guinea-Bissau, ambako chanjo hiyo iliokoa maisha kweli. Kuhusu surua, Aaby alikuwa na hoja nzito, na asiwepo wa kuitumia Kasongo kudharau chanjo. Lakini swali la Kasongo lilipita surua. Mtoto huja kituoni na mwili mmoja wenye homa, njaa na kuhara kwa pamoja, na anayemhudumia hana budi kumwona mzima.

Hiyo ndiyo falsafa iliyorudi katika mtaala wa A2 tangu katikati ya miaka ya 2000, ulipoanza kupangwa kwa uwezo. Mtaala wa zamani ulikatwa vipande: anatomia peke yake, magonjwa ya ndani peke yake, upasuaji peke yake, na mwanafunzi aliachiwa kuviunga mwenyewe. Mpya huanza na kazi: kuwasiliana na mgonjwa, kumpa huduma kamili, kuendeleza afya ya jamii, kutunza rasilimali za kituo. Kwa shule ya uuguzi kama ya Tunda mpango huu ni mwafaka, kwani ndiyo kazi inayomsubiri mhitimu.

Wako wanaosema ni hatari kumwachia kijana wa sekondari uamuzi wa uhai na kifo. Hofu yao ni ya haki. Ila kumnyima ruhusa hakuleti daktari. Kunamwacha mgonjwa na muuguzi yuleyule, safari hii bila mwongozo. Wengine husema dawa ni shahada. Elimu ya juu ni njema, na mwenye A2 anastahili njia ya kupanda. Lakini shahada iliyojengwa juu ya wodi za mji mkubwa itamfundisha kungoja daktari mahali ambapo daktari hayupo. Hoja nzito kuliko zote ni ya wanaosema mtaala wa uwezo hauwezekani bila vifaa, vitabu na vituo vya mazoezi. Ni kweli, na vita pamoja na kutelekezwa vimeifanya kweli hiyo kuwa chungu zaidi. Basi lawama iende kwa anayeziacha shule hizi mikono mitupu, isiende kwa wazo lenyewe. Maniema iliwahi kulifundisha taifa zima namna ya kumwamini muuguzi na kumlinda asikosee. Kabla hatujaamua jina la diploma yake, mwanafunzi wa Tunda apewe alichopewa muuguzi wa Kasongo: mwongozo mkononi, msimamizi anayemtembelea, na hospitali inayompokea mgonjwa wake.