Nusu mtu, nusu mnyama: michoro ya majabali ya kanda ya kati

Michoro ya majabali ya kanda ya kati ya Tanzania, kuanzia Isanzu mkoani Singida hadi Kondoa, ilianza kabla Ulaya haijajua rangi za mafuta. Wamo twiga, pofu na tembo, na katikati yao viumbe walio nusu mtu, nusu mnyama. Michoro ya ngeu nyekundu hunasibishwa na mababu wa Wasandawe na Wahadzabe. Ile myeupe, ambayo mara nyingi imepakwa juu ya nyekundu, na wakulima waliokuja baadaye.

Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alichapisha kitabu juu ya michoro hiyo mwaka 1938, na Mary Leakey akanakili ya Kondoa mwaka 1951. Fidelis Masao, aliyepata kuongoza Makumbusho ya Taifa, alichimba Kirumi Isumbirira na Kwa Mwango, upande wa Singida, miaka ya 1970.

Ubishi mkubwa umezuka juu ya mchoro mmoja wa Kolo, huko Kondoa. Watu watano, warefu na wembamba kupita kiasi. Wa katikati ameshikwa mikono, wawili huku, wawili kule, na baadhi yao vichwa vyao si vya kawaida. Leakey aliona mwanamke anayetekwa na watu waliovaa vinyago. Eric ten Raa, aliyeishi na Wasandawe, aliandika mwaka 1971 kwamba uchoraji uliambatana na mila zao, ikiwamo simbo, ngoma ambayo wachezaji hugeuka simba ili wapambane na wachawi. Mwaka 1986 David Lewis-Williams wa Afrika Kusini akaushika uzi huo: wa katikati hatekwi, amepandwa na pepo. Hoja hii ina uzito zaidi. Aliyewahi kuona ngoma ya pepo anajua kuwa aliyepandwa hakosi wa kumshikilia.

Mwaka 2021 Maciej Grzelczyk wa Poland alitangaza jabali la Amak'hee 4, pori la akiba la Swaga Swaga, lenye watu watatu wa vichwa vya nyati. Hapo simbo haitoshi, kwa kuwa Wasandawe wa leo hawana imani ya mtu kugeuka nyati.

Ulaya nako kuna viumbe wa kutisha waliochorwa ukutani: Mhispania Francisco Goya alimchora mungu Saturn akimla mwanawe ukutani mwa nyumba yake, kati ya 1819 na 1823. Wahispania waliibandua picha hiyo wakaihamishia kwenye turubai, na leo inatunzwa Prado. Jabali halibanduliki; hulindwa pale lilipo. UNESCO iliiandikisha Kondoa kuwa urithi wa dunia mwaka 2006, lakini mpaka wa eneo hilo ukaishia huko. Isanzu haimo, jambo la aibu kwa nchi inayojinadi kwa watalii kila msimu.